Turbo Tuliyoifunga Wakati wa Matanga

Mama mzee wa nyumba ya pili kutoka kwetu alifariki mwanzo wa wiki, na mbio zilikuwa Jumapili. Gari lilikuwa bandani, kifuniko cha injini kimeondolewa, na turbo ilikuwa kando yake juu ya gunia safi. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuisikia ikifanya kazi. Tulikuwa tumepanga kuifunga upesi, kisha kutumia siku zote zilizobaki kuijaribu. Sasa tungeweza kuifunga, lakini kuijaribu hatungeweza.

Katika kijiji chetu, nyuma ya Msambweni, pakiwa na matanga mashine hazingurumi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo wala aliyewahi kuitangaza. Mwenye cherehani huifunika kwa kanga, mwenye redio huizima, na wanawake wakiwa na mpunga wa kutwanga huupeleka mbali, kwa jamaa zao wa mtaa mwingine. Wafiwa hawamkatazi mtu. Wangekataza nini, ikiwa kila mtu ameshajikataza?

Gari lilikuwa la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Alikuwa dereva wa trekta katika shamba la miwa, na alikuwa amelijenga gari hilo mwenyewe kwa mabomba ya maji na mabati ya mapipa. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Klabu ya mbio ya pwani, ambayo zamani mtu kama yeye angeingia humo kufagia tu, ilikuwa imefungua mlango, lakini mlango huo ulikuwa na kizingiti. Ili apate cheti, mgeni alitakiwa kwanza amalize mbio moja ya wageni, na gari lolote lililopitwa mzunguko mzima na gari la mbele lilitolewa kwa bendera. Shemeji alikuwa ameshajaribu mara moja. Gari lake lilishika njia vizuri kuliko mengi, ila injini ilikuwa ndogo. Ilitoka kwenye gari la familia lililogonga mnazi kule Diani. Alipitwa, akatolewa.

Mbio za Jumapili zilikuwa za mwisho kabla ya masika, na baada ya masika uvunaji wa miwa ungeanza. Msimamizi wa shamba alikuwa amekwisha kumwambia waziwazi: "Nimekuvumilia vya kutosha. Miwa ikiiva nataka dereva, sitaki bingwa." Kwa upande mwingine palikuwa na mwenye gereji mmoja wa Mombasa, naye mkimbizaji wa magari, aliyesema kwamba angemchukua kazini siku atakapomletea cheti cha klabu. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu. Akimaliza Jumapili, aende gereji. Asipomaliza, arudi kwenye trekta.

Mimi nilikuwa mwangalizi wa pampu za maji katika mojawapo ya hoteli za mwanzo za Diani. Shule niliiacha mapema. Niliyoyajua ya injini niliyapata kwa kufungua na kufunga, na kwa kitabu kimoja cha Kiingereza kisicho na jalada, nilichokisoma kwa kamusi, nikiziruka picha ili nisijidanganye kwamba nimeelewa. Turbo ilitoka kwenye lori la dizeli lililopinduka kwenye mteremko wa Kwale. Katika kitabu changu jambo hilo lilikuwa na kurasa chache tu, na nilizisoma mpaka nikaweza kuzisema bila kuangalia.

Turbo ina umbo la konokono wawili waliopeana migongo. Moshi wa ekzosi huzungusha gurudumu dogo ndani ya konokono wa kwanza. Gurudumu hilo na la konokono wa pili yamekaa kwenye mhimili mmoja, na hilo la pili husukuma hewa kuingia katika injini kwa nguvu kuliko injini yenyewe inavyoweza kuivuta. Hewa ikizidi, petroli nayo huzidi, na nguvu pia. Kati ya konokono hao pana kiuno, na humo mhimili huelea juu ya oili inayoletwa na bomba jembamba la shaba. Oili ikishapita hushuka yenyewe, kwa uzito wake tu, kupitia bomba nene hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Nalieleza hili kwa sababu yote yaliyotupata yalitoka kwenye bomba hilo nene.

Tulifanya kazi kama wezi. Vichwa vya spana tulivifunga matambara ili visigonge chuma. Kilichohitaji nyundo tulikisukuma kwa jeki. Tulifungua silinda hedi tukaweka gasketi mbili badala ya moja, kupunguza mbano, maana injini inayosukumiwa hewa haitaki kubanwa sana. Asubuhi tulikwenda kukaa kwenye majamvi ya wafiwa kama wanaume wengine, na baada ya chakula cha mchana tulirudi bandani. Kwenye jamvi nilikaa mwili tu. Mtu aliponisemesha nilikuwa nahesabu nyuzi za bolti.

Shemeji hata mwili haukukaa. Alipokuwa hana cha kushika alitembea kutoka bandani hadi mlango wa jikoni na kurudi.

"Baba watoto," dada alimwambia, akichambua mchele wa kupeleka matangani, "utachimba mtaro hapo."

"Nafikiri."

"Fikiri umekaa. Miguu haina akili."

"Tukilisukuma mpaka kwenye mikorosho kule," shemeji aliniambia mimi, "tukaliwasha kidogo tu? Upepo unavuma kwenda baharini. Sauti haitafika."

"Na aibu nayo itavuma kwenda baharini?" dada akamwuliza.

Shemeji aligeuka. Alirudi bandani, akaugeuza usukani kulia, kisha kushoto, ingawa magurudumu yalikuwa hewani juu ya magogo.

Palipobaki kazi ni kwenye kikombe cha bomba nene, pale linapokutana na kiuno cha turbo. Nilikuwa nimekata sahani ya chuma ya kuunganishia hapo kwa msumeno na kuichonga kwa tupa, lakini tupa hudanganya. Njia niliyoijua ni kupaka masizi ya taa kwenye kipande cha kioo, kuilaza sahani juu yake, kisha kusugua yale madoa meusi tu, tena na tena, mpaka masizi yashike kila mahali sawasawa. Ni kazi ya alasiri nzima, na haina kelele. Niliiacha kwa siku iliyofuata.

Jioni ya siku hiyohiyo mfiwa mwenyewe alikuja.

Alikuwa mwana wa pekee wa marehemu, mtu wa umri wetu, fundi wa kalafati. Kazi yake ilikuwa kuziba mianya ya mashua kwa pamba iliyolowekwa mafuta, na mashua zake zilijulikana hata kwa watu wa Gazi. Alipiga hodi akaingia kabla hatujamjibu. Tulisimama, tukaanza kufuta mikono tumpe makiwa.

"Msisimame," alisema. "Nimechoka kusimamiwa."

"Karibu, jirani. Kaa hapa."

"Kukaa ndiko kulikonitoa huko. Kila mtu anakuja ananishika mkono. Nipeni kitu cha kushika kisichonipa pole."

Shemeji alinitazama. Nilifungua plagi zote, ili injini iwe nyepesi, nikamwonyesha ile hendeli ya kuzungushia kwa mkono. Palikuwa na sababu ya kweli. Turbo isizungushwe kamwe kabla oili haijafika kiunoni mwake, na njia pekee ya kuifikisha bila kuwasha ilikuwa hiyo. Nilikuwa nimekusudia kuifanya mwenyewe.

Alizungusha. Mwanzoni alizungusha kama mtu anayejaribu, baadaye kama mtu anayevuta maji kisimani, na mwisho kama mtu aliyesahau kwamba tupo. Jasho lilimlowesha kanzu mgongoni. Tulisikia oili ikipanda, mlio mdogo kama wa mtu anayemeza. Ilipanda bomba la shaba, ikapita kiunoni, ikashuka. Shemeji alikuwa amechutama upande wa pili, uso karibu na chuma, akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kalafati aliacha kuzungusha, akainama. Kwenye kikombe cha bomba nene palikuwa na tone. Likadondoka, likaja jingine.

"Hapa panavuja," alisema.

"Ni sahani haijanyooka," nilimwambia. "Kesho nitaisugua kwenye kioo."

"Kesho ya nini? Nyinyi mna chombo kinavuja, na mimi nimesimama hapa."

Aliondoka. Tulidhani amerudi kwenye majamvi, lakini alirudi na kifurushi chake cha kazi: pamba, patasi butu, na kopo la shahamu.

"Maji yatoka ndani au nje?" aliuliza.

"Ndani. Na si maji, jirani, ni oili. Nayo itakuwa ya moto."

"Moto gani?"

"Hutaweza kuugusa."

Alifikiri. Namkumbuka akifikiri, maana alikuwa mtu makini na swali lake lilikuwa swali la fundi. "Basi nitaikaza zaidi," alisema.

Katika mashua maji yako nje, nayo huisukuma pamba kuingia ndani ya mwanya, na pamba ikilowa huvimba ikajikaza yenyewe. Hapa mambo yote yalikuwa kinyume. Oili ilikuwa ndani ikisukuma kwenda nje, na pamba ilikuwa imelowa mafuta tangu mwanzo, kwa hiyo haikuwa na uvimbe wowote wa kungojea. Niliyajua hayo aliposhika spana. Sikuyasema, kwa kuwa shemeji alikuwa amenitazama tena, na sura yake ilisema nisiseme.

Kalafati alisokota pamba ikawa kamba nyembamba, akaizungusha mdomoni mwa bomba, akaibana kwa patasi. Kwa kawaida angeigonga kwa nyundo ya mti. Siku hiyo hakugonga, kwa sababu ya mama yake. Aliegemea patasi kwa kifua chake chote, kidogo kidogo, akizunguka. Alipaka shahamu, akafunga bolti, akarudi kwenye hendeli. Alizungusha muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Hakikudondoka kitu.

"Kule," alisema akijifuta mikono, "wananiambia nilale. Nadhani leo nitalala."

Alipokwenda niliitwaa spana.

"Nyuzi za pamba za upande wa ndani hazina kitu cha kuzishika," nilimwambia shemeji. "Oili ya moto itazilegeza. Zitateremka, zitakaa kwenye mdomo wa bomba. Oili ikikosa njia ya kushuka itarudi juu, itapita kwenye mhimili, itaingia ekzosi na kuungua."

"Unajua au unakisia?"

"Nakisia. Lakini sikisii ovyo."

"Basi fungua."

Niliweka spana kwenye bolti. Alinishika mkono.

"Ngoja. Akija kesho?"

"Tutamwambia."

"Tutamwambia nini? Mama yako amekufa, na kazi yako haifai?"

"Tutasema tumeweka gasketi juu ya kazi yake."

"Ataangalia. Yule haangalii kitu kingine." Shemeji alikaa juu ya tairi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akikaa tangu msiba uanze. "Mtu amekuja kwangu akiwa na msiba, akanipa alichonacho. Mimi nikitupe nyuma ya mgongo wake kama ganda la ndizi? Na kama unakosea wewe?"

"Ni wewe utakayeendesha," nilimwambia.

"Ndiyo. Ni mimi."

Siku iliyofuata kalafati alikuja tena, na iliyofuata vilevile. Hakuwa na kazi ya kufanya. Alipitisha kidole chini ya kikombe, akakitazama kidole, kikiwa kikavu, akakaa nasi kidogo. Alimwuliza shemeji jinsi magari yanavyopangwa, nani huanza mbele, kwa nini bendera. Alisikiliza kuliko mtu yeyote wa nyumbani kwetu aliyewahi kusikiliza. Akiondoka, shemeji alianza tena kutembea, na mimi nilianza kusugua vitu ambavyo havikuhitaji kusuguliwa.

Ijumaa baada ya sala ilisomwa hitima, majamvi yakaondolewa. Jumamosi asubuhi cherehani ya jirani ilianza kulia kabla ya chai, na sisi tuliwasha injini.

Iliwaka vizuri. Ilikuwa na sauti mpya chini ya ile ya zamani, kama mtu anayepiga mluzi akiwa chumba kingine. Haikutoa moshi wala haikuvuja. Shemeji aliliendesha gari kwenye njia ya mikorosho hadi barabara kuu na kurudi, akateremka akicheka.

"Umeona?"

"Nimeona ikitembea. Haijapanda moto."

"Wewe ungeyaoa mashaka yako, mahari ningelipa mimi," aliniambia, na dada alicheka kwa sauti jikoni, kicheko chake cha kwanza tangu mazishi.

Mbio zilifanyika kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa tangu wakati wa vita, njia yake imepasuka na majani yameota kwenye nyufa. Tulipeleka gari kwa lori. Kalafati alipanda nyuma pamoja nami, akiwa na kanzu iliyofuliwa. Watu kadhaa walimshangaa kumwona nje ya nyumba mapema hivyo. Alisema anakwenda kuitazama kazi yake.

Kabla ya kuanza nilimwendea shemeji mara ya mwisho. Nilikuwa na gasketi mfukoni, niliyoikata kwa karatasi nene.

"Tuna nafasi," nilimwambia.

Alitazama nyuma yangu. Kalafati alikuwa amesimama karibu na gurudumu, akimweleza mgeni asiyemjua mahali pamba ilipokaa.

"Hatuna," alisema shemeji.

Turbo ile ilitengenezwa kwa injini kubwa kuliko yetu, kwa hiyo ilichelewa. Ukikanyaga, kwanza unapata kimya, halafu gari linaruka kama limepigwa teke. Shemeji alikuwa amelielewa hilo katika asubuhi moja ya Jumamosi. Alikanyaga akiwa bado ndani ya kona, kabla ya wengine, na nguvu ilimkuta njia iliyonyooka ikiwa ndiyo inaanza. Mizunguko ya mwanzo alipita magari mawili. Mtangazaji wa klabu aliita namba yake kwa kipaza sauti, kwa mshangao uliosikika. Gari la mbele, jekundu, lilikuwa mbali, lakini halikumkaribia kutoka nyuma, na hilo ndilo lililotosha. Hakuhitaji kushinda. Alihitaji tu asipitwe.

Nilikuwa natazama bomba la ekzosi. Mizunguko kadhaa lilikuwa safi. Kisha aliinua mguu kuingia kwenye kona, nikaona uzi wa moshi wa kibuluu. Alipokanyaga tena ukapotea. Kona iliyofuata ulirudi, mnene zaidi, na haukupotea tena.

Sikumgeukia kalafati, aliyekuwa kando yangu.

Mambo aliyoyaona shemeji alinisimulia baadaye. Sindano ya mgandamizo wa oili ilianza kuanguka kwenye kona na kurudi kwenye njia iliyonyooka. Halafu ilichelewa kurudi. Alijua oili ilikuwa inakwenda wapi, nilikuwa nimemweleza. Angeweza kuendelea kukanyaga mpaka injini ikamatane kwa kukosa oili, na pengine ingefika mwisho kabla ya kukamatana, na pengine isingefika. Injini ilikuwa moja tu. Au angeweza kupunguza.

Alipunguza. Tulimwona akipita mbele yetu polepole, wingu nyuma yake, uso umegeukia kwenye saa za mbele yake. Alijaribu kukaa pale katikati, mwendo usiotosha kuua injini na usiotosha kupitwa, na kwa mzunguko mmoja ilielekea kama angeweza. Gari jekundu lilitokea kwenye kona ya mwisho. Lilimpita mbele ya bendera kabisa, watu wote wakiona. Ilikuwa imebaki mizunguko michache.

Hakuingoja bendera. Aliteremka kwenye majani, akaiacha injini izunguke taratibu kidogo kabla ya kuizima, kama nilivyomfundisha, ili mhimili upoe. Hata wakati ule alikumbuka.

Wa kwanza kumfikia alikuwa kalafati. Alikuwa amekimbia, kanzu ameipandisha mkononi, na alipofika alilala chini kwenye majani na kutazama chini ya injini. Alipotoka alikuwa na majani kwenye ndevu.

"Imeshika," alisema. "Hata unyevu hakuna."

Shemeji alikuwa anavua kofia yake ya chuma. Ilimchukua muda.

"Nimeona," alisema.

"Basi moshi ule ulikuwa wa nini?"

Nilifungua kinywa. Shemeji alinitangulia.

"Petroli, jirani. Petroli mbaya."

"Watu hawana haya," alisema kalafati, akajikung'uta.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwangu kuliko za kabla ya mbio. Nilitaka kufungua bomba lile kuliko nilivyotaka kula. Nilikuwa nimekisia, na kubahatisha bila kuhakikisha hunikosesha usingizi. Shemeji alikataa.

"Mpaka arobaini ipite," alisema.

"Arobaini ni ya marehemu. Gari halina arobaini."

"Yule anakuja hapa kila baada ya siku mbili tatu. Akilikuta wazi nitamwambia nini? Ipite arobaini, atarudi kwenye mashua zake, atasahau."

Hakusahau. Kwenye barza ya kahawa aliisimulia kazi yake kwa wavuvi, kwa maseremala, kwa mwalimu wa madrasa. Kalafati ya Msambweni imeshika kwenye injini ya mbio. Wanaume walimgeukia shemeji wapate hakika, naye aliinua kikombe akasema, "Haikuvuja," na hilo lilikuwa kweli. Wakati huo alikuwa ameshaanza tena kazi ya shamba. Alitoka alfajiri au alasiri, kulingana na zamu, amevaa suruali ile ya kaki yenye madoa ya utomvu wa miwa. Nyumbani alikaa kimya. Dada alikuwa hamtanii tena, na hilo ndilo lililonionyesha jinsi alivyokuwa.

Arobaini ilisomwa mvua zikiwa zimeanza. Siku mbili tatu baadaye, mchana, kabla ya zamu yake, tulifungua. Pamba ilikuwa pale nilipopasema. Nusu yake bado ilikuwa imebanwa mahali pake, nyeusi, ngumu kama ubao; kalafati alikuwa fundi kweli. Nusu nyingine ilikuwa imefumuka na kuning'inia ndani ya bomba, ikiziba mdomo isipokuwa tundu dogo la kupitisha penseli. Nilijisikia vizuri kwa muda mfupi sana, kisha nikajisikia vibaya. Niliiweka juu ya gunia. Sahani nilikuwa nimeshaisugua kwenye kioo wakati wote ule wa kungoja, mpaka masizi yalishika kila mahali. Tulifunga gasketi, tukaongeza oili.

"Hodi," alisema kalafati mlangoni, akitikisa mvua.

Hapakuwa na muda wa kufunika kitu. Aliingia, akaliona gunia. Aliiokota ile pamba, akaiminya, oili ikamtiririka kwenye kiganja, akainusa.

"Imeiva," alisema.

Niliweka spana chini.

"Ndiyo iliyotoa moshi."

"Ndiyo," nilisema.

"Nyinyi mlijua."

"Huyu alikisia," alisema shemeji. "Mimi nilimkataza kufungua."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa na msiba."

Kalafati aliigeuza pamba mkononi. "Msiba ulikuwa wa mama yangu," alisema. "Gari lilikuwa lako." Kisha: "Nimesimulia mpaka Gazi. Mnajua hilo? Nimesimulia mbele ya mafundi walionifunza. Wewe ukaniitikia na kikombe chako mkononi."

"Nilisema haikuvuja."

"Ulisema haikuvuja." Aliirudisha pamba juu ya gunia, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Nilidhani ataondoka. Alisimama akitazama injini, na mimi nilitazama mvua ikianguka kutoka kwenye makuti. "Na trekta?" aliuliza.

"Trekta lipo."

"Na yule wa gereji?"

"Amepata mtu mwingine."

Hakusema pole. Alikwisha kutuambia anavyoliona neno hilo.

"Iwasheni basi," alisema. "Nisikie jinsi ilivyopaswa kulia."

"Iwashe wewe," alisema shemeji. "Mimi sijawahi kuisikia nikiwa nje."

Kalafati aliingia kwenye kiti, akakusanya kanzu yake magotini. Nilimwonyesha swichi na kikanyagio. Injini iliwaka.

"Kanyaga," shemeji alimwambia.

"Hivi?"

"Zaidi."

Mluzi ulipanda, ukajaza banda, ukapita juu ya sauti ya mvua. Dada alitokea mlango wa jikoni akasimama. Nilizunguka nyuma kutazama ekzosi. Ilitoa mvuke kidogo kwa ajili ya ubaridi, na nyuma ya mvuke hapakuwa na kitu. Shemeji alikuwa ameegemea nguzo ya boriti katika nguo zake za shamba, kichwa ameinamisha upande mmoja, mikono ameikunja. Kalafati alimwangalia, akangoja aambiwe aache, naye hakumwambia. Aliendelea kukanyaga.

Kisha kwenye barabara kuu lori la shamba lilipiga honi, likapiga tena. Shemeji alitupungia mkono tuzime, akajifunika gunia kichwani, akatoka mvuani kwenda kazini.